Amri ya Kubomoa

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini Injinia hakutaka kuinama. Jina hilo alipewa na mama yake, dobi, siku alipopokelewa kwenye mafunzo ya vitendo ya kompyuta wingu. Dobi yule hakuwa na simile: kila mteja aliyeleta mashuka alisimuliwa. "Mwanangu anaamrisha makompyuta ya kukodi yaliyo mbali huko, yeye kakaa tu kitini!" Sasa ukishaitwa Injinia na mtaa mzima, utamwambia nani kwamba huelewi somo?

Hakumwambia mtu. Alikaa karibu na Kimya, binti aliyebandikwa jina hilo kwa uchache wa maneno yake, na kila mkufunzi alipotoa zoezi, Injinia alichungulia, akanakili. Kimya hakuwa mchoyo. "Chukua, lakini usome," alimwambia. Kusoma wapi!

Ikafika siku ya kuonyesha kazi za mwisho. Wazazi walialikwa, na meneja wa kampuni moja alikuja kuchagua mwanafunzi mmoja wa kumwajiri. Kimya alikuwa amewajengea mafundi cherehani wa shangazi yake mfumo wa kuhifadhi vipimo vya wateja, na kwa muda wote wa mafunzo akina mama wale walikuwa wakiviingiza humo, mteja baada ya mteja. Injinia aliibeba folda nzima ya Kimya kwa flashi, akafuta "cherehani", akaandika "seremala". Ndani ya folda ile mlikuwa na ufunguo wa siri wa Kimya, maandishi marefu yanayoziambia kompyuta za mbali kwamba anayeamrisha ni yeye. Injinia hakuutazama hata mara moja. Angeujulia wapi?

Alisimama mbele na shati lililopigwa pasi na mwenye kazi yake. Projekta ikawashwa, ukurasa ukatokea ukutani.

"Kijana," meneja akauliza, "seremala anapima kiuno cha kabati?"

Ukumbi ukaangua kicheko. "Ni makosa ya kuchapa, bosi," Injinia akajibu, jasho likimtoka. Mama yake alicheka kuliko wote, kwa kuwa alidhani ni mzaha wa wasomi.

"Haya," mkufunzi akasema, "bomoa kila kitu, kisha ujenge upya tuone. Anayeijua kazi yake haogopi kubomoa."

Injinia akaandika amri ya kubomoa. Skrini ikamuuliza kama ana hakika, akajibu ndiyo. Mistari ikashuka mbiombio, ikakoma. Akaandika amri ya kujenga. Ikagoma, na maandishi mekundu yakajaa ukutani. Hakuelewa hata mstari mmoja. Watu wakatulia tuli, na katika utulivu ule mama yake, aliyedhani wamepigwa na butwaa kwa ufundi wa mwanawe, akaanza kupiga makofi. Peke yake. Loo! Injinia alitamani ardhi ipasuke immeze.

Na hizo zilikuwa rasharasha tu. Akaitwa Kimya. Akafungua mfumo wake, hakuna kitu. Akafungua tena, vilevile. Vipimo vyote vilikuwa vimekwenda na maji, hata nakala ya akiba, maana aliiweka kwenye kompyuta zilezile.

"Muda wote huu hukufanya kazi?" mkufunzi akamuuliza.

"Nilifanya. Asubuhi vilikuwepo."

Meneja alishafunika kalamu yake. "Tuendelee na mwingine," akasema.

Hapo ndipo Injinia alipoona, kwenye kona ya skrini yake mwenyewe, jina la aliyetoa amri ya kubomoa. Lilikuwa la Kimya. Nguo ya kuazima haistiri matako, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba unaweza ukamvua nguo na mwenyewe aliyekuazima. Angenyamaza, nani angejua? Lakini Kimya alikuwa bado amesimama pale mbele, akiombea radhi kosa asilolijua, na Injinia hakuweza kumtazama.

"Nimevifuta mimi," akasema. "Kazi niliyowaonyesha ni yake. Na zote za nyuma. Mimi sijui chochote."

Meneja akamgeukia Kimya, akamuuliza kama anaweza kujenga upya papo hapo.

"Mfumo naweza," Kimya akasema. "Vipimo vya watu siwezi kuvirudisha." Akaketi, akaanza kujenga, machozi yakimdondokea vidoleni.

Dobi akainuka. Injinia alijua anamjia yeye, akainamisha kichwa kungoja kofi, na kusema kweli alilitaka lile kofi. Mama akampita kama hamjui. Akaenda mpaka alipoketi Kimya, na mtu mzima yule akapiga magoti sakafuni, mbele ya meneja na wazazi wenzake.

"Nisamehe, mwanangu," akamwambia. "Mimi ndiye niliyemlea."