Mji Unaoitikia Ndiyo

Usingizi hauna adabu, humkuta mtu popote, na leo unamkuta Mwalimu Nakijwa saa nane mchana kwenye benchi la korido, nje ya chumba ambamo jopo la wahadhiri linamsubiri aeleze anataka kutafiti nini kwenye shahada yake ya uzamili ya elimu. Ameshiba wali maharage wa kantini, feni inazunguka kivivu, na maneno ya msimamizi wake, Daktari Mbonea, yanazunguka pamoja nayo: Utuambie lengo lako kwa sentensi moja, mwalimu, la sivyo hakuna kibali cha utafiti, utarudi kwenu Same mikono mitupu. Hilo ndilo linalomnyima raha, kwa sababu lengo lake halitulii, leo hivi kesho vile. Anafumba macho kidogo tu, ayapumzishe, na mara mlango wa jopo unafunguka wenyewe, naye anaingia.

Ndani hakuna jopo. Kuna barabara nyeusi kama ubao, imenyooka hadi macho yanachoka, na kila akikanyaga vumbi la chaki linatimka na kumrukia viatuni. Mbele yake amesimama mtu aliyevaa joho la mahafali, na mahali pa uso wake pamefutwa, hapana jicho wala pua. Shikamoo, anasema Nakijwa, maana hata usingizini hawezi kumpita mtu bila salamu. Marahaba, unatafuta nini? Lengo langu. Lipi, ulilokuja nalo au litakalokwenda nawe? Nakijwa anataja lile la kwanza, alilotoka nalo nyumbani baada ya miaka mingi ya kufundisha Kiingereza: awe mkaguzi wa shule, aagane na chaki. Hajamaliza kusema, barabara inajikunja na yeye amekalia kiti kinachozunguka, katika ofisi yenye zulia na chai ya maziwa mezani. Anazunguka, anacheka peke yake, raha iliyoje! Dirishani anaona ofisi nyingine na Nakijwa mwingine anazunguka, na nyuma ya huyo mwingine tena, ofisi hadi upeo wa macho, na kokote hakuna hata sauti moja ya mtoto. Ukimya unaanza kumkera. Anainuka, anasema silitaki tena hili, na anashangaa anavyolisema kwa furaha, kama mtu aliyetua kuni kichwani. Basi lipi? anauliza yule asiye na uso. Wanafunzi wangu waongee Kiingereza bila kosa hata moja, anajibu haraka, kwa kuwa ndilo aliloliandika kwenye pendekezo lake, na ofisi inayeyuka inakuwa mji. Kuta zake zote ni vioo, na barabarani yamepangwa madawati, wenyeji wamekaa wawili wawili wameinamisha vichwa, wote katika sare za shule. Hapa Nakijwa yuko nyumbani! Anawafundisha pale pale, mdomo haumkauki, halafu anauliza kama anavyouliza kila siku ya Mungu: Tuko pamoja? Ndiyoooo! unaitikia mji mzima, hadi vioo vinatetemeka. Anakumbuka jopo, anataka kutoka. Jamani, mlango uko wapi? Ndiyo, mwalimu! Kulia au kushoto? Ndiyo, mwalimu! Nyie, mji unaungua moto! Ndiyo, mwalimu! Sasa anaogopa kweli. Asipotoka, jopo litaondoka, na safari yake yote ya masomo itaishia hapa kwenye vioo. Mlango upo, anasema yule wa joho, lakini kitasa chake ni mtu mmoja ambaye hayuko pamoja nawe. Nakijwa anakimbia dawati hadi dawati akimtafuta huyo mmoja, anainua kidevu cha huyu na cha yule, na kila uso ni wake mwenyewe. Ni yeye, yule wa muhula wa kwanza pale chuoni, mtu mzima mwenye watoto wawili, anatikisa kichwa na kuitikia ndiyo kwenye mhadhara ambao hakuambulia kitu, kwa kuogopa kuchekwa. Kumbe! Kumbe na wanafunzi wangu ni hivi hivi, miaka yote hiyo! Aibu inampanda, na nyuma ya aibu linakuja cheko. Anajibana kwenye dawati. Tuko pamoja? anauliza asiye na uso. Nakijwa anajikaza kisabuni, ananyoosha kidole. Hapana. Sijaelewa. Mji unanyamaza. Kisha sauti moja: Hata mimi! Mimi tangu somo la kwanza, mwalimu! Na mimi! Wote wanasimama, wanauliza, wanabishana kwa Kiingereza cha kuokoteza, wanakosea, wanarekebishana, kelele tupu, kelele tamu. Lengo langu ndilo hili! anapiga kelele Nakijwa, ndilo hili! Na pale palipofutwa kwenye uso wa yule wa joho, mdomo unaanza kujichora.

Mwalimu Nakijwa, amka dada, wanakuita ndani, anasema katibu muhtasi akimtikisa bega.

Anaingia, anasalimia, hakai hata chini. Nataka kujua, anasema, mwalimu wa lugha afanye nini hadi mtoto athubutu kusema hajaelewa. Daktari Mbonea anavua miwani, anaanza kueleza mambo ya nadharia na mkabala na viunzi, anapanda, anashuka, mwisho anauliza: Tuko pamoja, mwalimu? Ile ndiyo ya zamani inamfika Nakijwa mdomoni. Anaimeza. Hapana, Daktari. Sijaelewa. Profesa mzee aliyekaa mwisho wa meza anashusha pumzi ndefu. Afadhali umesema wewe, binti yangu, hata mimi sijaelewa. Chumba kizima kinacheka, na Daktari Mbonea anacheka kuliko wote, anamvutia kiti. Kibali unacho, kaa sasa tuanze upya. Nakijwa anakaa na furaha imemjaa hadi kooni, anainamisha macho, anaona viatu vyake vimejaa vumbi la chaki, katika jengo ambamo siku hizi ubao huandikwa kwa kalamu za wino. Anamtazama Daktari Mbonea, na mdomo ule unaocheka unaonekana kama umechorwa sasa hivi. Ameamka au hajaamka? Hajui. Basi ananyoosha kidole, aulize.