Nani Kachezea Tui la Kwanza?

"Huzimi!" bosi alisema. "Jumamosi hii, Mama Lusungu! Watu wanapaka nyumba Jumamosi. Ukizima VPN, Mbweni watachanganya nini? Kigamboni je?"

"Watapiga simu, tutawasomea."

"Simu! Kama mwaka arobaini na saba!"

"Afadhali hiyo kuliko mlango usio na komeo."

Tulikuwa tumebishana nusu saa nzima ofisini kwa Saifuddin, mwenye kiwanda chetu cha rangi hapa Chang'ombe. Mimi ndiye ninayeangalia kompyuta zake. Fomula zote zinakaa kiwandani, na mashine za kuchanganyia rangi madukani huzichukua kwa VPN, njia yetu ya faragha ndani ya intaneti. Ili kupita, kila mtu na kila mashine ina cheti chake cha kidijitali. Asubuhi hiyo waliotengeneza programu walituma onyo kwamba ina kasoro: inakagua mhuri wa cheti, haisomi jina. Ukiwa na cheti chochote chenye mhuri wetu, unajiita utakavyo. Marekebisho yatatoka wiki ijayo. Kwa sasa, walisema, zimeni.

"Lakini si cheti halali?" Saifuddin aliuliza. "Umekitoa wewe mwenyewe."

"Halali kabisa. Mtu akija kwako na cheti halali cha ndoa, utampeleka chumbani kabla hujasoma ni ndoa ya nani?"

Akakohoa. "Watu wetu waaminifu. Kila mmoja namjua."

Mlango ukagongwa.

"Nani?"

"Mie!"

"Ingia."

Akaingia Valerian wa bima, na mkoba wake na tabasamu lake, mtu ambaye Saifuddin alikuwa amemkwepa wiki mbili, hadi siku moja akajificha chooni. Nilicheka mpaka nikashika meza. Valerian hakutoka mpaka alipopewa miadi ya Jumanne.

"Umeona?" nikasema. "Hiyo ndiyo VPN yako. Nani? Mie. Ingia. Mie mwenyewe nina watoto watatu nyumbani. Nikiuliza nani kamaliza sukari, wote 'si mie'. Bila jina humkamati mtu, bosi."

"Huo ni mlango. Kompyuta ni kompyuta. Haya, nionyeshe."

Nilikuwa nangojea neno hilo. Nikachukua cheti cha mashine ya duka la Kigamboni, na mahali pa jina nikaandika Gulbahar. Ikafunguka bila kusita. Gulbahar ni dada yake mkubwa. Ndiye aliyebuni rangi zetu zote, miaka thelathini akipima matone, na ni yeye peke yake anayeruhusiwa kugusa fomula. Nikafungua Tui la Kwanza, nyeupe yake maarufu inayoelekea krimu. Nikaongeza matone arobaini ya nyekundu.

"Nihifadhi?"

"Hifadhi," alisema, bado haamini.

Chini, Gulbahar alikuwa kwenye makopo yake ya majaribio ya asubuhi, yanayochanganywa kwa fomula hizo hizo. Hazikupita dakika kumi akapanda ngazi na kopo mkononi, mwiko ukidondosha. Rangi ilikuwa ya waridi kama fizi za kichanga.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Nani kachezea Tui langu?"

Saifuddin alitazama skrini, akamtazama dada yake. "Hapa inasema wewe, dada. Saa nne na dakika ishirini. Gulbahar."

"Mie? Mie nitie nyekundu kwenye Tui? Nimechanganyikiwa?" Akalitua kopo juu ya karatasi za mdogo wake.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Nimeingia kwa jina lako. Na aliyesema hifadhi ni huyu hapa."

Nikamweleza kasoro kwa sentensi tatu. Alinielewa kwa sentensi ya pili.

"Saifu! Mtu anaweza kuwa mimi, na wewe unawaza Jumamosi?"

"Dada, biashara..."

"Biashara gani? Watu wananunua macho yangu. Leo ni waridi, kila mtu anaona. Kesho mtu akibadilisha tone moja tu, nani atajua? Watasema bibi kazeeka, tangu atolewe mtoto wa jicho haoni tena."

Nilidhani ana hasira, kumbe ana hofu. Saifuddin naye akaliona hilo. Akamvutia kiti, akamfuta rangi mkononi kwa leso yake mwenyewe.

"Rudisha Tui langu kwanza," Gulbahar akaniambia.

Nikayatoa matone arobaini. Akaifuata fomula kwa kidole, mstari kwa mstari, hadi mwisho. "Ndiyo yenyewe."

Nikamgeukia Saifuddin. "Bosi?"

"Zima," akasema. "Simu nitapokea mwenyewe."

Nikazima hapo hapo. Taa ya kijani ya VPN ikafa, na simu ikalia: Gozbert wa duka la Kigamboni, anauliza mashine imekuwaje, mteja kasimama anataka rangi ya Embe Bolibo. Saifuddin akaanza kupekua karatasi zilizolowa waridi. Gulbahar akamnyang'anya simu.

"Shika kalamu, Gozbert," akasema, na akaanza kumsomea matone, moja baada ya jingine, macho ameyafumba.