Kiganja Kwenye Gurudumu

Siku chache kabla ya sikukuu ya Vishwakarma, ambayo kwayo zana zote hupumzishwa na kuheshimiwa, Mukhtiar Singh aliketi mbele ya mashine yake ya kukatia majani ya nyati, brashi ya waya mkononi, asiweze kuanza.

Gurudumuni palikuwa na alama ya kiganja. Desturi humtaka mama wa nyumba achovye mkono katika manjano na kuugandamiza kwenye mashine. Mwaka mmoja mkewe, Harbhajan, hakungoja rangi mpya ya mashine ikauke, na vidole vyake vikazama. Mukhtiar alinuna wiki nzima kwa kuharibiwa kazi. Sasa Harbhajan alikuwa amefariki, na kutu ilikuwa imepenya chini ya kiganja kile.

Jirani yake, Nirmal, alichungulia juu ya ukuta.

"Kaka, unaichumbia hiyo mashine?"

"Nawaza."

"Si upake pembeni tu, hapo uparuke? Nani atakukagua?"

"Kutu ukiiacha inatambaa. Gurudumu likija kupasuka likiwa linazunguka, aliyesimama hapa ni nani?"

"Si wewe? Kwani nyumba hii ina mwingine?" Nirmal aliropoka.

Kisha akainamisha macho. "Basi nikuletee msasa wa umeme wa shemeji yangu. Mara moja tu umemaliza."

"Nijaze vumbi uani? Rangi ya zamani ina sumu. Nasugua kwa maji."

Akamhamisha nyati, akatandika gunia kuukuu chini ya mashine, akajifunga kitambaa puani, akalowesha msasa. Alianzia mbali na kiganja. Jua lilipohama ukutani, hapakuwa tena na mahali pengine pa kusugua. Kidole gumba ndicho kilichotoka mwisho.

Akaosha chuma kwa sabuni, akakikausha, akapaka rangi ya kuzuia kutu iliyosalia alipopaka lango, kisha ile ya kijani. Magamba ya rangi yaliyobanduka aliyafungia katika kopo la maziwa. Chombo hicho kilipaswa kufukiwa mbali na kisima. Badala yake alikiweka juu ya kabati, mfuniko umekazwa.

Asubuhi ya sikukuu mke wa Nirmal alikuja na bakuli la manjano.

"Shemeji, mashine ipo uchi. Nikuwekee mkono?"

"Asante, mama. Rangi haijakauka."

Yule mama aligusa gurudumu kwa ncha ya kidole, akakitazama kidole chake kilivyo safi. Akafunika bakuli kwa ushungi wake, akarudi kwake.