Mapacha wa Daktari Destin

Katika kliniki ya wanyama pale Nyawera, ukutani kulikuwa na picha za madaktari wawili, na chini ya kila picha historia ya mwenyewe. Ya Colombe ilisema tu kwamba alizaliwa Nyangezi, kwa wafugaji. Ya Destin, ambayo aliiandika kwa mkono wake, ilimwita "bingwa wa wanyama wote, wadogo kwa wakubwa". Uongo mtupu! Destin alilelewa ghorofani, juu ya duka la vitenge, na tangu atoke chuoni hakuwahi kugusa mnyama aliyempita mbwa kwa ukubwa. Ila kwa paka mkono wake ulikuwa na baraka, na Colombe alimpenda kama kaka.

Siku moja Papa Isidore, baba yake Colombe, akashuka mjini, akausoma ukuta ule neno kwa neno, kidole kikifuata.

"Njo huyu mi nataka," akasema. "Atakuja kupima ngombe ya Luc."

Luc wa Mudaka, mchumba wa Colombe, alikuwa ameahidi ng'ombe mwenye mimba kwa mahari, na Papa Isidore ameapa: bila ndama tumboni, hakuna harusi. Ng'ombe angepimwa na daktari mbele ya koo zote mbili, na daktari huyo asingeweza kuwa bibi arusi. Katika ukoo wao, msichana anayemshika ng'ombe wa mahari yake ni kama anayejipangia bei sokoni.

"Papa, Docta Destin iko na kazi mingi," Colombe akajaribu.

"Nitakuja, papa!" Destin akadakia. Sifa zilikwisha kumlevya.

Wiki nzima Colombe alimfundisha. Walijaza maji kwenye mpira uwe kama mimba, wakauficha ndani ya gunia, na Destin akaupapasa akiwa amefumba macho, huku paka aliyeletwa kwa chanjo akimtazama kwa dharau.

"Ukisikia mupira, unasema iko na mimba, unatosha mukono inje. Usiongeze kitu."

"Colombe, mi ni docta."

"Njo maana naogopa."

Siku ikafika. Wageni wa Mudaka walikaa upande huu wa uwanja wa Papa Isidore, wenyeji upande ule, Colombe katikati ya shangazi zake. Destin akavaa glavu ndefu ya kufika begani, akamsalimu ng'ombe, "Bonjour, maman," kama anavyosalimu paka, akaingiza mkono kwa nyuma. Ng'ombe akamjibu kwa kinyesi, koti jeupe lote likabadilika rangi. Wazee wakacheka mpaka machozi, na kicheko kile ndicho kilichoharibu mambo. Mtu akichekwa hutafuta neno kubwa la kujiokoa.

"Iko na mimba!" akatangaza. Vigelegele. Colombe akashusha pumzi. Lakini mkono wa Destin haukutoka.

"Ngoja! Nasikia ingine! Ni mapacha!"

Vigelegele vikakatika. Papa Isidore akasimama.

"Mapacha? Wakitoka dume na jike, ile jike haitazala hata siku moja. Barudishe ngombe yabo!"

Jambo hilo kila mtoto wa mfugaji analijua, na Destin, masikini, alidhani ameleta habari njema. Mjomba wa Luc alikuwa anafungua kamba tayari. Luc alimtazama Colombe. Colombe akaona ndoa yake inaondoka na kamba shingoni, na hasira ikampanda: kwa Destin, kwa baba yake, kwa ukuta wa kliniki. Akavua bangili, akakunja mkono wa blauzi, akajipaka sabuni, akazamisha mkono ndani ya ng'ombe mpaka begani. Shangazi mmoja akajifunika macho kwa kitenge.

"Ndama ni moja tu," Colombe akasema. "Ile ingine, Docta, ni figo."

Kisha mama yake Luc, Maman Françoise, akaja na beseni la maji.

"Nawa, mukwe yangu," akasema. "Ngombe zetu zitapata mutu wa kuzitunza."

Mama mkwe akishasema hivyo, baba ana lipi la kuongeza? Papa Isidore alikuna kichwa, akacheka, akaamuru mbuzi wachinjwe.

Bugali ulipopakuliwa, kila mtu alipewa nyama yake. Destin, ndani ya shati la kuazima, aliletewa sahani iliyofunikwa, na aliyeileta ni Papa Isidore mwenyewe. Destin akafunua. Figo mbili.

"Kula, Docta," mzee akasema. "Mapacha yako hii."