Nusu Glasi ya Tessa

Delbert Novotny aliijua sheria moja tu ya jimbo la Wisconsin, Marekani, na hiyo aliijua barabara: mzazi akiketi baa na mwanawe, mwana ruksa kunywa hata kama umri haujafika. Basi Jumapili moja mchana, Tessa alipotimiza miaka kumi na tisa, baba akamsukumia glasi ya bia kando ya samaki wa kukaanga.

"Kunywa, mwanangu. Baba yako nipo."

"Mimi ndiye dereva, baba. Wewe umeshapiga nne."

"Nusu tu! Hiyo hata kuku halewi."

Tessa akanywa nusu, ili yaishe.

Hawakufika mbali, wakasimamishwa kwa taa ya breki iliyoungua. Alikuwa Afande Skibba, mwanamke aliyemfundisha Tessa kuogelea. Akainama dirishani, akanusa.

"Nani kanywa humu?"

"Mimi, nne," Delbert akajibu kwa fahari. Angeishia hapo wangekwenda zao. "Na binti yangu nusu, lakini nimempa mwenyewe, kisheria kabisa!"

"Baba, nakuomba, nyamaza."

"Ninyamaze nini? Ni haki yako!"

Skibba akashusha pumzi. "Mzee Novotny, kunywa aliruhusiwa. Kuendesha ndiyo hapana. Hajafika ishirini na moja, hata tone haliruhusiwi."

"Sasa nani angeendesha? Mimi nimelewa!"

"Ungemwacha mtoto anywe soda."

Kipimo cha pombe kilisoma kidogo sana, na kidogo hicho kilitosha. Tessa akapigwa faini, leseni ikafungiwa miezi mitatu. Kazi yake ilikuwa kiwanda cha jibini, zamu ya saa kumi na mbili asubuhi, na basi huko halifiki.

"Nitakupeleka mimi," Delbert alisema, kabla hajapiga hesabu kwamba dereva wa alfajiri hanywi usiku.

Baani wakamshikia mbavu. "Novotny, kwani aliyefungiwa ni Tessa au wewe?"

Wiki ya kwanza baba na binti hawakusemeshana njiani. Ya pili, Tessa akaanza kumsimulia habari za msimamizi wa kiwandani anayeimba vibaya. Ya tano, akamwambia kwamba anaomba nafasi ya kusomea uuguzi. Delbert alikuwa hajui. Akapunguza mwendo.

"Wauguzi wanaamka saa ngapi?" akauliza.

"Mapema, baba."

Siku leseni iliporudi, Tessa alinyoosha mkono apewe funguo. Delbert akazificha mfukoni.

"Kesho. Leo nimeshapasha gari moto."

Tessa akamtazama, kisha akazunguka, akaketi upande wa abiria.