Mega za Siku ya Mungu

Mama Emerance alikuwa anajua kutunza kitu. Makala ya jiko iliyobakia kisha kupika aliizima na maji ili imusaidie tena kesho, na mega za simu yake, zile za intaneti, alizitunza vilevile. Picha na video za kundi ya mama wa maombi alizizuia zisijifungue zenyewe. Muchana muzima koneksyo ilikuwa imezimwa. Aliiwasha tu magaribi, saa ya kupokea majina ya wagonjwa wa kuombea, mupaka saa ya kulala. Hata mwangaza ya kioo aliipunguza, ijapokuwa Divine, bibi ya mutoto wake, alimuambia kama ile inasaidia batri, haisaidii mega.

"Kitu chenye kutumika kidogo kinakawia," akajibu.

Lakini mega hazikukawia. Alinunua za mwezi muzima, na siku ya Mungu ya pili hazikuifikia. Na mu ile nyumba ya mutaa wa Nyakasanza mega zilikuwa na kazi moja ya kweli: kisha ibada, mutoto wake Jérôme, aliyekuwa Kisangani ku kazi ya barabara, apige simu ya video aone bibi yake na mutoto wao muchanga. Sasa alikuwa anaona mutoto paji ya uso tu, halafu yote inakatika.

Simu mu nyumba ilikuwa moja. Ya Divine iliangukia mu beseni ya kufulia, ikafa. Basi, nani mwingine angemaliza mega kama si Divine?

Tena kulikuwa wale motari, vijana wa kubeba watu ku pikipiki. Kila magaribi walisimamisha pikipiki zao inje ya ukuta, upande wa dirisha ya Divine, wala hawakutafuta mutu wa kubeba. Mukubwa wao alikuwa Zacharie, mwimbaji mwenzake mu korale ya kanisa. Anaangalia simu yake, anacheka, anainua macho kuelekea nyumba. Mama Emerance alifumba macho kwa kusali, lakini sikio yake haikusali. Bwana yuko mbali, mega zinaisha, vijana wanakaa ku dirisha. Kujumulisha ile haiombi shule mingi.

"Divine, wale wanangojea nani?"

"Sijui, mama. Pengine wanapumuzika kivulini."

"Kivuli ya magaribi?"

Divine akacheka kidogo, akaendelea kutwanga majani ya sombe. Ile kucheka haikumupendeza Mama Emerance.

Siku ya tano akanunua mega zingine, akamutumia Jérôme sauti: "Mwanangu, siku ya Mungu niko na neno juu ya nyumba yako. Ujitayarishe." Alipogeuka, Divine alikuwa amesimama ku mulango na beseni ya nguo. Alianza tu kukunja nguo za mutoto, moja juu ya ingine, vizuri sana, kama mutu mwenye kujua kama anarudi kwao Tchomia.

Lakini Mama Emerance aliogopa kuhukumu bila kuona. Hata Shetani, Mungu alimuuliza kwanza anatoka wapi. Kesho yake, siku ya posho, magaribi, alifunga simu mu kitenge yake ya kiuno, akamuacha Divine na mutoto mu chumba, akaenda kujificha mu jikoni ya inje, upande wa pili wa lupango, ule uwanja wa nyumba. Pale alikuwa anaona mulango ya nyumba na vichwa vya vijana juu ya ukuta.

Hakuna mutu aliyeingia. Hakuna mutu aliyetoka. Lakini kule ku ukuta, Zacharie aliinamia simu yake, akaiinua juu. Mwenzake akapanda juu ya kiti ya pikipiki, naye simu juu. Wakasemezana. Halafu wakasukuma pikipiki bila kuziwasha, wakazunguka lupango, wakaja kusimama inje ya jikoni, nyuma kabisa ya mugongo wake.

Mama Emerance alitulia. Kisha akainuka polepole, akarudi kukaa chini ya dirisha ya Divine. Akasikia tairi juu ya mawe. Walikuwa wanamufuata yeye.

Akafungua mulango ya lupango.

"Zacharie. Mimi ni mujane, niko na mujukuu. Unanifuata juu ya nini?"

Yule mwenzake alicheka mupaka akashikilia taa ya pikipiki.

"Mama, utusamehe," Zacharie akasema. "Hatufuate weye. Tunafuata koneksyo."

"Koneksyo ya nani?"

"Yako. Ile siku ya repetisyo ya nyimbo, walituomba wenye mega wagawie wengine, korale yote ipate wimbo mupya. Ulinipa simu yako, nikafungua mahali pa kugawa koneksyo. Haukufunga."

"Tulikwisha kusema amina."

"Amina haifunge simu, mama."

"Na weye uliona kama iko wazi?"

Zacharie akajikuna shingo. "Niliona. Nikasema pengine mama anatutendea mema."

"Mungu akubariki, mama," mwenzake akaongeza.

"Weye nyamaza."

Divine alikuwa ametoka, mutoto ku mugongo. Akashika simu ya mama, akamuonyesha mahali pa kugawa: simu za watu wengine zilikuwa zimeingia mule, bila neno ya siri. Akagusa mara moja, zikatoka. Vijana wakaangalia simu zao, wakawasha pikipiki, wakaenda. Divine hakuuliza mama alikuwa anachunga nini mu jikoni.

Siku ya Mungu, Jérôme akapiga. Aliona mutoto, meno yake mapya, miguu yake. Alisimulia mvua ya kule, na mega zilikuwa zingali. Kwa mara ya kwanza Mama Emerance akatamani ziishe.

"Mama, na ile neno?"

Divine alikuwa pembeni. Nguo zilikuwa zingali mu kifurushi.

"Neno ni juu ya bibi yako," Mama Emerance akasema. "Nilitaka kukuambia kama anamaliza mega kwa kuongea na wanaume. Ni uongo, na mupishi wa ile uongo ni mimi. Mega zilitoka kwa mukono yangu."

Mama Emerance akazania picha ku kioo imekwama, kisha akaona macho ya Jérôme yanapepesa.

"Umupatie Divine simu," akasema.

Mama Emerance akamupatia, akatoka, akaenda mupaka ku jikoni, mahali sauti haifike. Alikaa pale mupaka Divine akamufuata.

"Anasema niamue mimi, kubakia ao kwenda."

Mama Emerance hakuwa na haki ya kuuliza. Akauliza.

"Na umeamua nini?"

Divine akamurudishia simu.

"Zima koneksyo, mama. Hizi mega zinapashwa kutufikisha siku ya Mungu ijayo."