Mji wa Mkwe

Saa tano asubuhi fundi mwashi mstaafu alikuwa uani, akikata mlango wa mbele kwa msumeno. Nyumba ilikuwa imeshuka kozi nyingine, yaani safu nzima ya matofali, na mlango haukuingia tena mahali pake. Vipande alivyovikata, bintiye alivifanya kuni. Ndani, mkwe alikuwa amelala kwenye kochi, simu kifuani, mdomo wazi.

Mkwe huyo alikuwa na mji. Ulikuwa ndani ya simu, katika mchezo wa aina ile inayojicheza yenyewe: mwenye mji anaweka simu chini, anasinzia, na vibarua wadogo wanajenga bila kumwamsha. Mchezo kama huo humtafuta mtu wake. Alibakiwa na kazi moja tu, kupiga hesabu ya matofali ya kuruka hatua, yaani atoke ya thelathini aangukie ya arobaini bila kupita katikati. Hata kazi hiyo aliifanya ovyo.

Mara ya kwanza alikuwa akihesabu kwa sauti, na fundi, aliyejifunza hesabu ukubwani katika darasa la jioni, mikono bado ina saruji, alishindwa kuvumilia.

"Umesahau yatakayovunjika," alisema. "Katika kila kumi, toa moja."

"Baba, wewe ni hatari. Basi nipigie yote."

Fundi akayapiga, akitumia kama kipimo ukuta uliokuwa mbele ya macho yake. Mkwe akabonyeza. Kozi ya juu ya nyumba ikaondoka pande zote nne, ikahamia kwenye mji wa simuni, na paa likashuka taratibu likakaa, bila bati hata moja kulegea. Vumbi kidogo liliingia kwenye chai. Binti akafuta meza.

Jirani, fundi bomba, aliuliza kama paa limeshushwa kwa ajili ya upepo. Fundi akajibu ndiyo. Nyumba hiyo aliijenga mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi, ili bintiye asije akapanga kwa watu. Lakini siku ya harusi alikuwa ameutangazia mtaa mzima kwamba amepata mkwe msomi. Kumfukuza msomi kungehitaji maelezo. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika nyumba hii aliyetaka alilala, wakainama wengine.

"Mwache, Baba," binti alisema siku moja, akipika amechuchumaa. "Amefika hatua ya sitini. Wenzake bado wako ya ishirini."

"Wenzake wanasimama majumbani mwao."

Zilipobaki kozi tisa, mkwe alitangaza kwamba anaruka hadi hatua ya mia. Alipiga hesabu yake kwa kidole hewani, akakuna tumbo.

"Napata kozi kumi na mbili," alisema. "Nyumba haina. Basi tena, nitaufuta mchezo. Au nimekosea, Baba?"

Binti aliacha kukoroga. Alimtazama baba yake na kutikisa kichwa kidogo sana. Fundi alielewa. Neno moja la uongo lilitosha, na hata kunyamaza kulitosha. Ukuta ungebaki, na huenda mkwe angetafuta viatu vyake.

Lakini kumi na mbili! Mtu mwenye cheti, katika hesabu ya kuta nne.

"Sita," alisema fundi. "Kuta umezihesabu mara mbili."

Mkwe akabonyeza. Fundi na bintiye walitoka kwa magoti kabla paa halijakaa. Zilibaki kozi tatu, kimo cha kochi na kidogo juu yake, na soketi ambayo fundi mwenyewe aliiweka chini ilisalimika, kwa hiyo chaja iliendelea kufanya kazi. Mkwe alienea vizuri. Aliweza hata kugeuka ubavu.

Jioni binti alimsukumizia sahani chini ya bati. Sahani ilirudi tupu, na juu yake simu, ili wa nje nao wauone mji. Majirani walichuchumaa wakautazama: ghorofa kwa ghorofa, kona zote zimenyooka. Fundi alizikagua moja moja, hakuona kosa.

"Huyu kijana ana akili," alisema fundi bomba, akimgeukia fundi kwa utani. "Ni mkwe wa nani?"

"Wangu," alisema fundi, akiwa bado amepiga magoti.